SOMO LA KIKUNDI: GOGO HILI LIMETOKA WAPI?



Somo la safari hii linawahusu watu wa aina mbili. Wa kwanza ni ninyi wa vijijini, mlio na shamba na miti, iwe mingi ama michache. Wa pili ni mafundi wa huku kwetu Eastlands: wachongaji wa Gikomba, na maseremala wa Shauri Moyo, Kariobangi na Dandora wanaotengeneza vitanda, milango na viti kando ya barabara. Watu hawa hukutana mara chache sana. Anayewakutanisha ni lori la magogo, na mara nyingi lori hilo hufika usiku.

Tunaomba mmoja wenu asome kisa kilicho hapa chini kwa sauti. Akimaliza, msikimbilie sehemu inayofuata. Ulizaneni kwanza: Shida ilianzia wapi? Na nani alikosea?

KISA

Miaka michache iliyopita tulifanya kazi na kikundi kidogo cha wachongaji huku Eastlands. Jina lao hatutalitaja. Walikuwa wakichonga twiga, vifaru na vichwa vya watu kwa mti wa muhugu. Muhugu ulikuwa umepanda bei, na kila mara walikuwa na hofu ya kuulizwa karatasi za magogo. Sisi tukaenda kwao na semina ya siku mbili. Tukawaeleza jinsi misitu inavyokwisha. Tukawaonyesha picha. Mwishowe wakakubali kuacha muhugu na kununua jakaranda, mti unaokua upesi na unaopatikana mashambani. Tulirudi ofisini tukiwa na furaha, tukaandika ripoti nzuri.

Baada ya miezi michache wakapata oda kubwa. Wakanunua magogo ya jakaranda mabichi, yaliyokatwa wiki ile ile. Wakachonga usiku na mchana, wakapiga msasa, wakapaka rangi, wakafunga mzigo. Ulipofika kwa mnunuzi, vipande vingi vilikuwa vimepasuka. Twiga wengine walikuwa na ufa kutoka shingoni hadi tumboni. Vingine vilitoa unga wa wadudu. Mnunuzi hakulipa.

Hiyo ilikuwa Desemba. Januari ilikuja na karo ya shule. Wanachama wawili waliuza vifaa vyao vya kazi. Wengine wakarudi kwa lori la usiku, wakanunua muhugu kama zamani. Tulipowatembelea, mzee mmoja aliyeanza kuchonga akiwa kijana alituambia: "Mwalimu, mlitufundisha kuuhurumia msitu. Hamkutufundisha kukausha mti."

Hatukuwa na jibu. Alisema kweli.

Somo hili ni jaribio letu la kumjibu.

MITI MIGUMU NI IPI?

Fundi wa mbao akisema "mbao laini" kwa kawaida anamaanisha saiprasi na paini, miti ya mashamba ya serikali inayotumika kwa paa na simiti. Akisema "mbao ngumu" anamaanisha mti mzito wenye nyuzi zilizoshikana, usioliwa na mchwa upesi, na unaong'aa ukipigwa msasa. Katika kundi hili wamo muhugu, mpingo, mzaituni wa msituni, mvule na mahogani.

Ugumu huo hauji bure. Mti mwingi wa aina hii hukua polepole, na kila mwaka huongeza unene kidogo sana. Muhugu unaweza kuchukua zaidi ya miaka 100 kufikia unene wa gogo zuri la kuchonga. Maana yake ni kwamba muhugu mnene unaouona Gikomba leo ulichipuka kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, ama karibu na wakati huo. Aliyeukata hakuupanda, wala babu yake hakuupanda.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Muhugu una miti dume na miti jike. Mti jike peke yake ndio unaotoa mbegu, na mbegu nyingi huharibiwa na wadudu kabla hazijaota. Kwa hiyo mkataji akichagua kila mara mti mkubwa na ulionyooka, anaondoa hasa wazazi wa msitu. Msitu unabaki kijani, na mpita njia anauona mzuri, lakini ndani yake hakuna mama wa kuzaa.

TULIFIKAJE HAPA?

Uchongaji wa vinyago vya kuuza kwa wageni si wa zamani sana katika Ukambani. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alichukuliwa kuhudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, akajifunza ufundi huo kwa wachongaji wa Tanganyika. Aliporudi nyumbani alichonga na kufundisha wengine, na Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji. Baadaye vijana walifuata soko. Wengine walikuja Nairobi wakakaa Gikomba na kandokando yake, wengine wakateremka hadi Mombasa. Kule Changamwe, wachongaji walianzisha ushirika wa Akamba mwaka 1963.

Kazi hii imelisha maelfu ya nyumba. Katika Pumwani, Majengo na Shauri Moyo kuna watu wazima leo waliosomeshwa kwa vinyago. Hatuwezi kuwaambia mafundi hawa waache kazi kana kwamba ni wezi. Wengi walinunua gogo sokoni, wakalipa, wakachonga, wakauza.

Lakini magogo yalitoka mahali. Muhugu ulikuwa mwingi katika misitu ya Karura na Ngong, hapa hapa Nairobi, na katika msitu wa Arabuko-Sokoke huko Pwani. Kadiri soko la watalii lilivyokua ndivyo miti mikubwa ilivyozidi kukatwa, na lori likawa linatoka mbali zaidi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mimea, wakishirikiana na wachongaji, walianza kuhimiza matumizi ya miti mingine iliyo mashambani: mwarobaini, jakaranda, mwembe na grevilea. Mwaka 2005 vinyago vya mwarobaini kutoka Pwani ya Kenya vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomwambia mnunuzi kwamba mti umevunwa vizuri na safari yake inajulikana kutoka shambani hadi dukani. Wachongaji wa ushirika wa Changamwe na wakulima wenye miarobaini walifanya kazi hiyo pamoja.

Angalieni neno "pamoja". Mchongaji peke yake hangeweza, kwa sababu hana shamba. Mkulima peke yake hangeweza, kwa sababu hana soko.

HESABU YA MSITU

Watu wengi hufikiri kwamba kutunza msitu ni kutokata mti. Sivyo. Kutunza msitu ni kutokata kuliko unavyokua. Ni kama akiba ya chama: mkigawana faida, chama kinaendelea, mkianza kugawana mtaji, siku moja mwekahazina atafungua sanduku akute karatasi tu.

Chukueni kalamu na karatasi. Tuseme kuna karakana inayotumia mti mmoja kila mwezi. Kwa mwaka ni miti 12.

Mti ukihitaji miaka 100 kukomaa, mnahitaji miti 100 ya umri mbalimbali ili mkate mmoja tu kila mwaka bila kupunguza mtaji. Kwa hiyo:

Muhugu: 12 mara 100 ni miti 1,200.

Mti wa shambani unaokomaa kwa miaka 20: 12 mara 20 ni miti 240.

Sasa fikirini. Ni kikundi gani chenye miti 1,200 ya muhugu? Hakuna. Ndiyo sababu karakana inayotumia muhugu haiwezi kujitegemea. Lazima ichukue kwenye msitu wa watu wote. Lakini miti 240 si ndoto. Kikundi cha wanachama 12, kila mmoja akiwa na miti 20 kwenye mpaka wa shamba lake, tayari kina miti 240. Kila mwanachama akikata mmoja kwa mwaka na kupanda miwili (maana mmoja huenda ukaliwa na mbuzi ama kukauka), karakana ile haitakosa mti, na shamba halitakuwa uchi.

Jambo la muhimu ni umri. Mkipanda miti yote 240 kwa siku moja na kupiga picha, itakomaa siku moja, mtaikata kwa pamoja, kisha mtangoja miaka 20 mingine. Pandeni kidogo kila mwaka.

TUJIFUNZE KWA MAJIRANI: KILWA

Mtu anaweza kuuliza: je, miti ya asili isiguswe kabisa? Tuvuke mpaka kidogo tuone walivyofanya wenzetu wa Tanzania.

Katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, kuna misitu yenye mpingo, mti mweusi unaotengenezewa vinyago, na huko Ulaya zumari za aina ya klarineti. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walikata mpingo huko na kijiji kikabaki na vumbi la lori. Kisha vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo, vilichukua jukumu la msitu wao kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, na vikawa mfano kwa Afrika nzima wa msitu wa asili wa kijiji unaovunwa kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe hauhitaji digrii:

1. Mpaka wa msitu unajulikana na kila mtu ameukubali, hata jirani.

2. Miti inahesabiwa na kupimwa. Hawakisii.

3. Kijiji kinaweka kiwango cha miti ya kukatwa, kufuatana na hesabu.

4. Mti usiofikia unene uliokubaliwa haukatwi, hata mnunuzi akileta pesa nyingi.

5. Wanakijiji wenyewe wanasimamia ukataji na kukagua magogo.

6. Malipo yanaingia kwa kijiji, na wanakijiji wanaamua matumizi.

Hilo la sita ndilo linalolinda matano ya kwanza. Mtu hulinda kinachomlisha. Msitu usiomletea mwanakijiji hata kilo ya sukari, yeye atakuwa wa kwanza kumwonyesha mkataji njia.

KAZI YA KIJIJI

Tunawaomba ninyi wa vijijini mfanye mambo manne.

Kwanza, chagueni mti unaofaa kwenu. Mahali pakavu kama Kitui, Makueni na Mbeere, mukau ni hazina. Ni mti wetu wenyewe, unavumilia ukame, mbao yake haisumbuliwi sana na mchwa, na wengi huifananisha na mahogani. Ukitunzwa vizuri unaweza kutoa mbao kwa miaka 10 hadi 15 au zaidi kidogo. Mbegu yake ni ngumu kuotesha kwa sababu imefungwa ndani ya kokwa gumu, kwa hiyo ni heri kununua miche. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imefanya kazi ya miaka mingi juu ya mukau huko Kitui na Kibwezi; ulizeni huko. Mahali penye mvua, kama Kiambu, Murang'a na Embu, grevilea (wengine mwaiita mukima au mubariti) inakaa vizuri pamoja na kahawa na mahindi. Pwani kuna mwarobaini.

Pili, ondoeni matawi ya chini mapema, mti ukiwa bado mchanga. Tawi linaloachwa likawa nene huacha fundo kubwa ndani ya mbao, na fundi huipunguzia bei mbao yenye mafundo. Mkau unaoachwa bila kupogolewa huwa kichaka, na kichaka huuzwa kama kuni.

Tatu, pimeni kabla ya kukata. Chukueni kamba yenye urefu wa sentimita 95. Izungusheni kwenye shina, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima. Ncha zikikutana, mti una unene wa kama sentimita 30 kutoka upande hadi upande. Zikipishana, mti ni mwembamba; uacheni. Kamba moja ya kikundi, iliyowekwa kwa katibu, inaweza kuzuia magomvi mengi.

Nne, msikate mti kwa sababu ya shida ya siku moja. Hapa tunajua tunagusa kidonda. Mtoto akifukuzwa shule, mzazi hutazama kilicho karibu, na mti uko hapo mpakani. Dalali naye hunusa shida. Atakupa bei ya nguzo kwa mti ambao baada ya miaka sita ungekuwa mbao. Dawa yake ni mfuko wa kikundi. Mwanachama akope kwa kikundi, mti wake ukiwa dhamana, na ukomae ukiwa umesimama. Tumeona vikundi vinavyokopesha kwa kuku na kwa mbuzi. Mti hauwezi kufa kwa kideri.

KAZI YA MJINI: KUKAUSHA

Sasa tunarudi kwa mzee wetu wa Eastlands.

Mti mbichi una maji mengi. Katika miti mingi, karibu nusu ya uzito wa gogo bichi inaweza kuwa maji. Gogo likianikwa juani, nje hukauka upesi na kutaka kujikunja, huku ndani bado kumejaa maji na hakukunjiki. Nje ikivutwa hivyo, inapasuka. Haisaidii kumlaumu jakaranda. Muhugu nao hupasuka ukianikwa ovyo, ila wachongaji wameuzoea na unawavumilia zaidi. Mti wa shambani unataka subira.

Haya ndiyo tuliyopaswa kuwafundisha siku ile, na ambayo tumejifunza baadaye kutoka kwa mafundi wenyewe na kwa watu wa misitu:

Paka ncha za gogo. Maji hutoka kwa haraka zaidi kwenye ncha mbili zilizokatwa. Siku ile ile ya kukata, zipake rangi nzito ya mafuta au nta, ili maji yatoke polepole kupitia ubavuni.

Pasua gogo, usiliache zima. Gogo zima lenye moyo katikati hupasuka kwa urahisi. Seremala apasue mbao mapema. Mchongaji alipasue mara mbili kupitia moyoni, ama kama ni kinyago kikubwa, akitoboe kutoka chini ili moyo utoke.

Chonga mara mbili. Kwanza toa umbo la juu juu kwa tezo, ukiacha unene wa ziada. Kisha kifunike kipande kwa vumbi la randa ndani ya gunia, mahali penye kivuli, wiki kadhaa. Maliza kazi ya patasi na msasa kikikauka. Kikipata ufa mdogo, bado una unene wa kuuondoa.

Panga mbao kwenye kivuli. Ziinue kutoka chini kwa matofali. Weka vijiti vya unene mmoja kati ya mbao na mbao ili upepo upite, na vijiti vifuatane kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu, la sivyo mbao zitapinda. Weka mawe juu. Mabati ya kuzuia mvua na jua yanatosha, huhitaji ukuta.

Pima kwa mizani. Chagua kipande kimoja, kiandike namba, kipime kila Jumamosi kwa mizani ya duka. Andika uzito kwenye daftari. Uzito ukishuka kila wiki, bado maji yanatoka. Usiposhuka kwa wiki tatu mfululizo, mbao iko tayari. Mbao ya inchi moja inaweza kuchukua miezi mingi, na nene zaidi mwaka ama kupita. Hakuna njia ya mkato ya jua la saa sita.

Angalia wadudu. Ukiona vitundu vidogo na unga, kitenge kipande hicho mbali na vingine. Ondoa magome yote mapema, maana wadudu wengi huanzia hapo.

Kuna swali la haki pia. Tumeona jakaranda ikipakwa rangi nyeusi ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Fundi anapata pesa leo, lakini mteja akiloweka kitambaa cha kufutia vumbi, uongo unatoka. Muuzeni jakaranda kwa jina lake. Mwambieni mteja: mti huu ulipandwa shambani, na mahali pake pamepandwa mwingine. Hiyo ni habari nzuri, na wako wateja wanaoitafuta.

MASWALI YA KARATASI

Wengi mnatuuliza juu ya sheria. Tutaje machache.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe kwamba angalau asilimia 10 ya nchi inafunikwa na miti. Kanuni za kilimo za mwaka 2009 nazo zilimtaka mwenye shamba aweke miti kwa kiasi hicho hicho. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inazipa jamii zinazokaa karibu na misitu nafasi ya kuunda vyama na kushiriki katika utunzaji wake.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku hiyo iliongezwa mara kadhaa, na rais alipotangaza kuiondoa mwaka 2023, jambo likafika mahakamani. Katika miaka ile karakana nyingi huku Eastlands zilihangaika, bei ikapanda, na mbao za kutoka nchi jirani zikajaa sokoni. Aliyekuwa na mkulima anayemfahamu hakuhangaika sana. Hilo peke yake ni somo.

Kabla ya kukata na kusafirisha miti ya shambani kwa biashara, nendeni kwa ofisi ya misitu iliyo karibu mkaulize kibali kinachohitajika, na mchukue kibali cha kusafirisha. Fundi naye asinunue gogo bila kuona karatasi hizo na kubaki na nakala. Kwa mpingo kuna zaidi: tangu Januari 2017 jamii nzima ya mti huo imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na mnunuzi wa ng'ambo anaweza kudaiwa hati. Daftari lako la magogo, lenye tarehe, shamba na idadi, lina thamani kama tezo yako.

MWISHO WA KISA

Kikundi kile hakikufa. Walibaki saba. Tuliwaomba msamaha, kisha tukaomba turuhusiwe kuanza upya pamoja nao. Walijenga kibanda cha mabati cha kukaushia, nyuma ya mahali pao pa kazi, kwa mkopo mdogo. Safari hii tulikwenda nao hadi kwa kikundi cha akina mama kijijini, wenye grevilea na jakaranda za zamani. Walipanga bei mbele ya watu wote, bila dalali. Akina mama walitaka malipo siku ya kukata. Mafundi walitaka kulipa baada ya kuuza. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana nusu kwa nusu.

Bado wana shida. Kungoja ni gharama, na mzigo unaokauka hauliwi na watoto. Miezi mingine mmoja wao hunong'ona kwamba lori la usiku lingekuwa rahisi. Lakini walipotuma oda yao iliyofuata, yule mzee alipima kila kipande kwa mizani mwenyewe, akakataa vitatu. Vilivyobaki vilifika vizima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kisa, nani alikosea: wachongaji, mnunuzi, mwenye lori ama sisi tuliofundisha? Kila mmoja angefanya nini tofauti?

2. Tembeeni mashamba yenu. Kikundi kina miti mingapi iliyopita kamba ya sentimita 95? Mingapi ni michanga? Kwa hesabu hiyo, mnaweza kukata mingapi kwa mwaka bila kugusa mtaji?

3. Mti wa mwisho kukatwa katika kijiji chenu ulikatwa kwa sababu gani? Pesa zake zilifanya nini?

4. Mnaweza kuanzisha mkopo wa kikundi ambao dhamana yake ni mti uliosimama? Nani ataukagua?

5. Kwa mafundi: gogo lililo mbele yenu leo limetoka wapi? Kama hamjui, mtamwuliza nani?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi cha kijijini kiandike orodha ya miti yake: aina, idadi, unene. Kila karakana iandike inatumia miti mingapi kwa mwezi. Leteni karatasi hizo kwenye ofisi ya maendeleo ya parokia yenu. Sisi tutazipanga, na tutawaita mkutane mezani, mkulima na fundi, mchana na si usiku.